Jumamosi Yaya Alipofungua Daftari

Mwaka ule tulikuwa tunahariri filamu ya wanawake wanaoosha mawe ya shaba kando ya machimbo. Chumba chetu cha kazi kilikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, na karibu kazi yote tuliifanya usiku, kwa sababu usiku ndipo umeme uliporudi. Jambo hilo bado linaniuma. Laini ya Inga, bwawa la umeme la Mto Kongo, inaleta umeme Kolwezi kwa ajili ya migodi, safari ya kilomita 1,700 hivi, na mitaani kwetu mtu analala ameacha swichi wazi ili taa imwamshe umeme ukija.

Mkubwa wetu akapanga zamu kufuata umeme: saa nne usiku mpaka alfajiri. Hakuna aliyeulizwa. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, alitutangulia sote kwa umri, mhariri hodari kuliko sisi, na alikuwa na mtoto mchanga. Mwanzoni alikuja, kisha akaanza kukosa, maana kutoka Kamalondo saa zile teksi ni ya kubahatisha na mwanamke kutembea peke yake gizani ni kujitia hatarini. Minong'ono ikaanza: atafutwe kijana asiye na familia.

Jumamosi moja asubuhi Yaya akatuomba tukae chini ya mwembe, ndani ya lupango, yaani uani, akafungua daftari. Kila usiku aliokuwapo alikuwa ameandika nani alifanya nini, kwa muda gani. Akasoma taratibu, bila kumtazama mtu. Usiku fulani tulisubiri diski iliyobaki nyumbani kwa mkubwa. Usiku mwingine tulikata upya sehemu ambayo mteja alikuwa ameshaikubali, kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba ameikubali. Kuna usiku wasaidizi wawili walikesha wakiitazama kompyuta ikitoa filamu, kazi ya mtu mmoja. Saa za kuhariri kwenyewe zilikuwa chache mno. Zingeenea mchana, kwa kompyuta ya mkononi, betri nzuri na nakala nyepesi za picha.

Fundi wa sauti, mtu ninayemheshimu sana, akasema sanaa haina saa.

"Haina, kaka," Yaya akajibu, "lakini mtoto wangu ana saa zake za kunyonya. Kama mnataka wasio na mtoto wala mgonjwa nyumbani, mseme wazi, tuhesabu watakaobaki."

Ndipo wale wasaidizi, vijana ambao hatukuwa tumewahi kuwasikia kwenye kikao, wakasema. Tangu filamu ianze walikuwa wanapewa nauli tu. Mmoja alisema bukari, yaani ugali, anaokula pale kazini ndio mlo wake wa siku. Mwenzetu mmoja akakumbusha Sheria ya Kazi ya mwaka 2002: saa 9 kwa siku, 45 kwa juma. Mkubwa akasema hiyo ni ya walioajiriwa, sisi ni wasanii. Nilikasirika, na hasira ile sijaijutia. Kazi ikija tunatumwa kama vibarua. Malipo yakifika tunaambiwa sisi ni wasanii, tuvumilie.

Tulibishana mpaka jua likawa kali. Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Mteja alimlipa mwishoni, naye akatusukumia sisi kungoja kule. Kwa hiyo jambo gumu kuliko yote halikuwa zamu. Lilikuwa kukubaliana kwamba kamera haitoki mlangoni kabla ya sehemu ya pesa kuingia, na kwamba mteja akibadilisha mawazo baada ya kutia sahihi, anaongeza malipo. Zamu zenyewe zilipangika haraka: kuhariri asubuhi, usiku anabaki mtu mmoja wa kutoa filamu, na kesho yake anapumzika.

Mteja aliyefuata alikataa masharti yale akaenda kwingine, tukakaa na njaa kwa muda. Yule wa baada yake alitia sahihi. Yaya alimaliza filamu ile ya wanawake wa machimbo akiwa na mtoto kwenye mkeka kando ya meza, na fundi wa sauti akaendelea kufanya kazi usiku kwa hiari yake, kwa kuwa mchana matangazo ya makanisa na honi za pikipiki zinamharibia sikio.

Wasaidizi walianza kulipwa kwa siku. Mkataba ulioandikwa hawajapata mpaka leo, na kila tunapokaa kikao mimi na Yaya tunaudai.