Kasi Sahihi ya Kind of Blue

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba gitaa langu lilikuwa na kasoro. Kila nilipoweka santuri yangu ya Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, nakala ya zamani niliyoinunua mkononi mwa mtu, na kujaribu kuufuatisha wimbo wa kwanza, "So What", nyuzi zangu zilikataa kupatana na besi ya Paul Chambers. Nilizikaza kidogo, tukapatana. Nilipoigeuza santuri na kuanza "All Blues", mimi ndiye niliyekuwa juu, ikanilazimu kuzilegeza tena. Nililaumu nyuzi, nikalaumu joto la chumba, nikalaumu hata mashine ya kuchezea santuri.

Kosa lilikuwa limeingia tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya Columbia iliyokuwa Mtaa wa 30 jijini New York, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa. Siku hiyo mtambo mkuu wa kurekodia ulikuwa ukizungusha kanda taratibu kidogo kuliko ilivyopasa. Kanda iliyorekodiwa taratibu ikichezwa baadaye kwa kasi ya kawaida, muziki hutoka ukiwa umeharakishwa, na sauti zote hupanda pamoja nao. Hapa zilipanda kwa kiasi kisichofika nusu toni (umbali wa kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata), kidogo mno kumshtua msikilizaji aliyeketi kitini, lakini cha kutosha kumsumbua mtu mwenye ala mkononi. Nyimbo zote tatu za upande wa kwanza, yaani "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green", zilirekodiwa siku ile. Zile mbili za upande wa pili zilirekodiwa tarehe 22 Aprili, na hazikuwa na tatizo hilo. Ndiyo maana gitaa langu lilikubaliana na upande mmoja wa santuri na kugombana na mwingine.

Kilichotuokoa ni desturi ya studio ile kuendesha mitambo miwili kwa wakati mmoja, mmoja ukiwa mkuu na wa pili wa akiba. Mtambo wa akiba ulikwenda kwa kasi sahihi. Kanda yake ilikaa ghalani hadi 1992, pale mhandisi wa sauti Mark Wilder alipoitumia katika kutayarisha toleo jipya na kosa likabainika. Miaka 33 ilikuwa imepita. Matoleo mengi yaliyofuata, likiwemo lile la 1997 lililoenea sana katika CD za kawaida, yalifuata kasi hiyo iliyosahihishwa.

Nasimulia haya kwa sababu wapenzi wa matoleo ya kifahari ya jazi, nami nikiwa mmoja wao, tunazungumza sana kuhusu uzito wa santuri na kidogo sana kuhusu kanda. Gramu 180 au 200 huifanya santuri itulie vizuri juu ya sahani ya mashine na isijikunje kwa urahisi, lakini haziwezi kurekebisha hata noti moja iliyotoka kwenye kanda isiyo sahihi. Hata kama mtu angeichonga sauti ya ile kanda ya mtambo mkuu, bila kuirekebisha, katika santuri nzito kuliko zote duniani, saksafoni ya John Coltrane ingebaki juu ya sauti aliyoipiga.

Sisemi kwamba umbo halina maana. Santuri inayozunguka mara 45 kwa dakika, badala ya 33, hupitisha mfereji mrefu zaidi chini ya sindano kwa kila sekunde, kwa hiyo mawimbi ya sauti za juu hupata nafasi ya kutosha na sindano huyafuata bila kuyaparuza, hasa karibu na katikati ya santuri ambako mfereji huwa mfupi. Gharama yake ni kwamba albamu ya santuri moja huhitaji mbili, na msikilizaji huinuka kila baada ya wimbo mmoja au miwili. Mimi huinuka kwa hiari.

Kuhusu mabishano ya analogi (sauti iliyohifadhiwa kama mawimbi, kama kwenye kanda) na dijitali (sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu) nina neno moja tu. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani iliyosifika kwa santuri za bei kubwa ilikuwa ikipitisha kanda nyingi katika hatua ya kidijitali kabla ya kuichonga sauti yake kwenye santuri, huku wanunuzi wengi wakiamini vinginevyo. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa mnunuzi anastahili kuambiwa ukweli wa anachokilipia. Hata hivyo, wengi wao walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa miaka, na masikio yao hayakuwa yamewadanganya: zilikuwa zimetengenezwa vizuri.

Toleo zuri lililotoka kwenye kanda sahihi hujitambulisha mapema katika "So What", pale besi na piano zinapomaliza utangulizi, wimbo unapitia mwito na majibu yake, kisha Miles anaanza kupiga peke yake na Jimmy Cobb anagonga tasa kwa nguvu. Katika nakala yangu ya zamani pigo lile lilikuwa mlipuko, basi. Katika toleo jipya nasikia kijiti kikigusa shaba, kisha mlio ukitanda na kufifia polepole huku tarumbeta ikiendelea katikati. Baadaye Coltrane anaingia upande wa kushoto, mpiga saksafoni mwenzake Adderley kulia, na baina yao pana nafasi ya kutosha kuusikia ukubwa wa ukumbi.

Anayeanza asikimbilie toleo la bei kubwa. Atafute CD ya kawaida ya 1997 au ya baadaye, achukue gitaa ambalo nyuzi zake zimekazwa sawasawa, na apige noti ya D pamoja na Chambers.