Tatizo halikuwa bunduki: nilivyofanikisha gemu za shabaha kwenye kabati langu

Nilipoteza miezi mitatu nikijaribu kuifanya bunduki ya gemu ilenge sawa kwenye kabati langu la gemu, lile la kuchezea ukiwa umesimama, kwa sababu karibu kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: bunduki yako mbovu, nunua nyingine. Haikuwa mbovu. Leo inapiga shabaha ndogo kama ukucha kwenye kona ya skrini, nami nimesimama pale pale anaposimama mchezaji wa kabati, si nyuma ya chumba.

Kabati lenyewe nilishalimaliza zamani: mbao, vitufe, kompyuta ndani, skrini bapa ya inchi 32 iliyozama kidogo nyuma ya kioo cha plastiki. Kilichobaki kilikuwa bunduki tu.

Nilianza na Zapper, bunduki ya Nintendo ya miaka ya 1980. Kwenye televisheni ya chogo ilikuwa haikosei. Kwenye skrini bapa, nikicheza Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, bata walipita wote salama. Nikashauriwa niongeze mwangaza wa skrini, nikaongeza mpaka macho yakaniuma, na bata wakaendelea kupita. Ushauri huo bado unazunguka na unaniudhi, kwa sababu anayeutoa hajajiuliza bunduki ile inafanya nini. Zapper haitoi mwanga, inaupokea. Ukifyatua, Duck Hunt inaitia skrini giza kwa kitambo kidogo sana, kisha inachora kisanduku cheupe mahali alipo bata. Jicho la bunduki likikiona kwa wakati ule ule, umepiga. Televisheni ya chogo huchora picha mstari kwa mstari, mistari kama 15,700 kila sekunde, na saketi ya Zapper inasikiliza mapigo hayo ili isidanganywe na taa ya chumbani. Skrini bapa haina mapigo hayo, na juu ya hapo inachelewesha picha. Utaongeza mwangaza mpaka kesho.

Basi nikahamia kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: kamera ndogo ya aina iliyomo kwenye rimoti ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, ndani ya mtutu, taa nne za infraredi kuzunguka skrini, na kibao kidogo cha saketi kinachoiambia kompyuta kwamba bunduki ni kipanya. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bunduki iliyotengenezwa tayari, ukiacha taa nilizounguza. Nikafunga, nikalenga, alama ya shabaha ikaruka skrini nzima kama panzi.

Hapo ndipo rafiki yangu, fundi ninayemheshimu, akaniambia, "Kaka, taa zako dhaifu. Tia zenye nguvu." Nikatia. Ikawa mbaya zaidi. Akasema basi kamera imekufa.

Sikukubali. Moto wa mshumaa hutoa infraredi nyingi. Ndiyo maana rimoti ya Wii hukubali mishumaa miwili badala ya fito yake ya taa. Nikazima taa zote za kabati, nikafunga pazia, nikaweka stuli mbili mbele ya kabati na mshumaa mmoja juu ya kila stuli. Nikafungua programu ya majaribio inayoonyesha nukta ambazo kamera inaziona. Nukta mbili, zimetulia tuli. Nikasogeza mkono kushoto, zikaenda kulia, taratibu, bila kuruka hata mara moja. Nilikaa na ile mishumaa karibu saa nzima kwa raha tu. Kamera nzima!

Nikawasha tena taa za kabati. Badala ya nukta nne nikaona mbili za kweli, na nyingine mbili mahali pasipo na taa. Kioo cha plastiki kilikuwa kinaakisi taa zangu, na kamera ile haifuatilii zaidi ya nukta nne, kwa hiyo vivuli vilikuwa vimekalia nafasi za taa halisi. Taa zenye nguvu ziliongeza nguvu ya vivuli. Nikarudisha zile dhaifu, nikazitoa nyuma ya kioo na kuzileta mbele yake, kisha nikaizungushia kila moja kola fupi ya utepe mweusi wa umeme ili isimulike kioo. Vivuli vikatoweka. Kuhakikisha kama taa za infraredi zinawaka, zitazame kwa kamera ya mbele ya simu. Ya nyuma mara nyingi huuchuja mwanga huo.

Zilibaki nukta mbili za kweli, nami nahitaji nne. Hilo hakuna aliyenitajia, na ndilo kubwa kuliko yote kwa mwenye kabati. Jicho la kamera ile linaona nyuzi kama 33 tu kwa upana. Skrini ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71. Ukipiga hesabu, lazima usimame sentimita 120 hivi ili uzione taa zote ukilenga katikati, na zaidi ukilenga pembeni. Kwenye kabati unasimama sentimita 60 au 70. Nikachukua lenzi ya kupanua picha, zile za kubana kwenye simu, nikaigundisha mbele ya kamera. Nukta zote nne zikaingia. Kingo za picha hupinda kidogo, ila ukipima shabaha upya inakaa sawa.

Kwenye MAME, programu ya kuchezea gemu za zamani za makabati, nenda kwenye mipangilio uwashe lightgun, na kama mko wawili washa multimouse, la sivyo bunduki zote mbili zitavuta alama moja. Kwa gemu zinazotaka ufyatue nje ya skrini kujaza risasi kuna offscreen_reload. Gemu ya Terminator 2 ya mwaka 1991 ilinisumbua mpaka nilipokumbuka kwamba bunduki yake haikuwa ya mwanga kamwe: ilifungwa kwenye kabati na kupimwa inavyogeuka. Ingia kwenye menyu ya mafundi ya gemu yenyewe kwa F2, upime shabaha humo.

Pedali ya Time Crisis, gemu ya shabaha inayochezwa kwa bunduki na mguu, niliitengeneza kwa kitufe cha kengele ya mlango, ubao na bawaba moja. Mdogo wangu ameikanyaga jioni nzima na haijalegea.