Mwalimu Hakutaka Kupewa

Mwalimu alirudi uwanjani karibu nusu mwaka baada ya kubadilishiwa nyonga, na ligi yetu ya gofu ya Jumamosi ilimpokea kwa upendo uliokaribia kumfukuza. Hakuna aliyemkosea adabu, wala hakuna aliyemcheka alipotembea polepole kutoka grini moja, pale penye shimo, kwenda tii inayofuata, pale pa kuanzia kupiga. Tatizo lilikuwa kwamba kila aliyepangiwa kucheza naye alikuwa anampa.

Kwa wasioujua mchezo wetu, nieleze kidogo. Katika gofu ya kushindana shimo kwa shimo, anayemaliza shimo kwa mikwaju michache ndiye anayelichukua, na mwishoni tunahesabu mashimo, si jumla ya mikwaju. Mpira wako ukisimama jirani na shimo, mpinzani anaruhusiwa kukwambia, "Chukua." Hapo unauokota na unahesabiwa kana kwamba umeingia kwa mkwaju mmoja zaidi. Huko ndiko kupewa. Sisi tulikuwa na kipimo chetu cha mazoea: mpira ulio ndani ya urefu wa mpini wa fimbo ya kusukumia, mtu hupewa, ukizidi hapo, sukuma mwenyewe. Wapo waliokuwa wagumu kuliko hivyo, na nilikuwa nawaheshimu, maana shimo lina upana wa milimita 108 tu na wanaume wengi wenye nguvu nimewaona wakilikosa kwa umbali wa hatua moja.

Kwa Mwalimu kipimo kile kilivunjika. Wiki ya kwanza alipewa mpira wa hatua mbili. Wiki iliyofuata wa hatua tatu. Ukiwauliza wenzangu, kila mmoja alikuwa na sababu njema: kuinama kuokota mpira shimoni kulikuwa kunamuumiza, na mtu akishapewa haoni haja ya kuinama sana. Ilikuwa kweli, na ilikuwa huruma ya dhati. Lakini nilimwangalia usoni siku aliyopewa ule wa hatua tatu. Aliuokota, akaufuta kwa kitambaa, akauweka mfukoni, na asubuhi yote iliyobaki hakusema neno. Huyu ni mtu ambaye kabla ya upasuaji alikuwa akibishana nasi kila shimo, akitupimia upepo kwa kurusha majani juu, akitutania mpaka tunakosa.

Na sheria haikumpa njia ya kutokea. Mpinzani akishakupa, amekupa. Huwezi kukataa, naye hawezi kuirudisha kauli yake. Hata ukisema "hapana, nasukuma," ukausukuma na ukakosa, bado umehesabiwa umeingia. Anayetaka kushinda kwa jasho lake na anayetaka kubebwa wote wako mikononi mwa mpinzani. Mwalimu alikuwa anashinda mashimo ambayo hakuyashinda, na hakuwa na namna ya kuyakataa.

Kulikuwa pia na suala la handikapu, yaani nambari ya mikwaju ya nyongeza anayopata mchezaji dhaifu ili alingane na hodari, na hapo ndipo mambo yalipochemka. Katika mfumo wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020, handikapu ya mchezaji hupatikana kwa wastani wa matokeo yake 8 bora kati ya 20 ya karibuni. Ni mfumo wenye akili, lakini mtu anayetoka hospitalini unamchelewesha: matokeo mazuri ya zamani bado yamo ndani, mabaya mapya yanaingia taratibu, kwa hiyo anaonekana bora kuliko alivyo. Katibu wetu, mtu mwema kabisa, akapendekeza tumwongezee Mwalimu mikwaju minne ya ziada mpaka apone vizuri. Alilisema hilo mbele ya wote tukiwa tumekaa mezani.

Mwalimu aliinua mkono kama mtu anayeomba kunena darasani. "Katibu, nakushukuru. Nambari yangu ni nambari yangu. Ikipanda, ipande kwa sababu nimecheza vibaya, si kwa sababu mmenionea huruma."

Watu walikaa kimya, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Nadhani wengi walichukulia kwamba ni kiburi cha mzee. Mimi sikuona hivyo, na Jumamosi iliyofuata majina yalipopangwa nikajikuta nacheza naye, mmoja kwa mmoja, mashimo 18.

Alikuwa na handikapu ya 19, mimi 12. Tofauti ni 7, kwa hiyo alipata mkwaju mmoja wa nyongeza katika kila moja ya yale mashimo saba yaliyoorodheshwa kuwa magumu zaidi. Tulisalimiana kwenye tii ya kwanza, tukaoneshana alama za mipira yetu, na kabla hajaweka mpira wake aliniambia kwa sauti ya chini, ili wale waliokuwa nyuma yetu wasisikie:

"Kijana, nakuomba kitu kimoja leo. Ulio ndani ya mpini, nipe kama unavyompa mwingine yeyote. Ulio nje, kaa kimya."

"Sawa, Mwalimu."

"Na mimi nitakaa kimya kwako."

Ile sentensi ya pili ndiyo iliyonifurahisha. Alikuwa amekuja kushindana.

Na alishindana. Mpira wake haukwenda mbali kama zamani, kwa sababu nyonga ile haikumruhusu kuzungusha mwili wote, lakini ulikwenda alikouelekeza. Aliacha draiva, fimbo ya kupigia mbali, mfukoni katika mashimo mengi akatumia fimbo fupi zaidi, akiweka mpira katikati ya fewei, ile njia ya majani mafupi, mara kwa mara, huku mimi niliyempita kwa umbali nikipiga kutoka kwenye majani marefu. Kuna uzito fulani wa moyo unaomshika mtu anapotembea kwenda kuutafuta mpira wake chini ya miti na kumwona mpinzani amesimama katikati ya uwanja, ameegemea fimbo, anamsubiri bila haraka. Tulipomaliza mashimo tisa ya kwanza alikuwa anaongoza kwa mawili.

Alikuwa amerudi kuwa yeye pia. Kwenye shimo la kumi akaniuliza kama nimebadilisha namna ya kushika fimbo, swali ambalo mtu anauliza tu akitaka ulifikirie wakati wa kupiga. Sikumjibu. Alicheka kwa kifua, na nilitambua kwamba sijakisikia kicheko kile tangu augue.

Nikachukua la 11 na la 13, tukawa sawa. Kwenye la 14 nilikuwa na mpira wa kusukuma uliozidi mpini kwa kiganja hivi, nikiuingiza tunagawana shimo, nikiukosa analichukua. Wengi wangenipa. Nilimtazama, alikuwa anaitazama miti. Nikainama, nikausoma mteremko, nikausukuma ukaingia. "Vizuri," alisema, na tukaendelea.

La 16 akalichukua yeye, la 17 nikalichukua mimi. Tukafika 18 tukiwa sawa kabisa.

Shimo letu la mwisho ni la kiwango cha mikwaju 4, refu, lenye banka mbili za mchanga mbele ya grini, na ni mojawapo ya yale saba ambayo Mwalimu alikuwa na nyongeza. Kwa hiyo akimaliza kwa 5, anahesabiwa 4. Nilipiga vizuri kuliko siku nzima: miwili nikafika grini, wa tatu ukasimama ndani ya mpini, akaniambia nichukue. Nina 4. Yeye mkwaju wa pili ulifika kabla ya banka, akauvusha wa tatu kwa ustadi mkubwa, mpira ukiinuka juu ya mchanga na kutua laini, ila ukabaki mbali na shimo. Wa nne aliusukuma ukapita. Ulisimama ng'ambo ya shimo kwenye mteremko, umbali wa mita moja na nusu hivi. Akiuingiza, tunagawana pointi. Akiukosa, nimemfunga.

Kufikia hapo wenzetu waliotangulia walikuwa wamemaliza na wamesimama pembeni mwa grini, Katibu akiwa miongoni mwao. Niliwasikia. Hawakusema kwa sauti, lakini niliwasikia wakinong'ona nimpe. Mmoja alinionesha kwa mkono, ishara ile ya kuokota. Walikuwa wamemwona anavyochechemea baada ya kutembea mashimo 18, na sare ingekuwa tamati nzuri kwa kila mtu.

Nilikaa kimya. Sitaki kujifanya ilikuwa rahisi. Macho ya watu unaowapenda yanapokutaka uwe mwema kwa namna wanayoifikiria wao, mdomo unataka kufunguka wenyewe. Lakini tulikuwa tumeahidiana, na zaidi ya ahadi nilikuwa nimemwona siku ile ya hatua tatu. Nilirudi nyuma nisimwekee kivuli, nikashika fimbo yangu kwa mikono yote miwili.

Mwalimu alizunguka shimo lote. Aliushusha mwili taratibu, goti moja likikataa, akautazama mteremko kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alisimama, akajaribu mara moja hewani, akausukuma.

Mpira ulikwenda vizuri. Ulishika ukingo wa kulia wa shimo, ukazunguka, ukatoka, ukasimama upande wa pili karibu kabisa.

Kwa sekunde kadhaa pale pembeni hapakuwa na pumzi. Kisha Mwalimu alivua kofia, akanijia mkono umeshanyooshwa, na uso wake ulikuwa umechangamka.

"Umenifunga, kijana."

"Nimekufunga, Mwalimu. Kwa shimo moja."

"Shimo moja!" alisema, akiwageukia wale wa pembeni. "Mmeona? Nyonga ya chuma na bado amehangaika mpaka la mwisho."

Mezani palikuwa na ubishi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu arudi. Katibu hakunifichia kwamba alisikitika. Mwenzetu mmoja, anayejua historia ya mchezo kuliko sisi wote, akaleta habari ya Mmarekani Jack Nicklaus na Mwingereza Tony Jacklin mwaka 1969 kwenye Kombe la Ryder, mashindano ya timu za Marekani na Uingereza, huko Royal Birkdale: shimo la mwisho la mechi ya mwisho, timu zikiwa sawa, Nicklaus ameshaingiza wake, Jacklin amebakiwa na mfupi, na Nicklaus akaiokota alama ya mpira wa Jacklin akampa. Mashindano yakaisha 16 kwa 16. "Yule alikuwa bingwa mkubwa," alisema, "na alitoa. Wewe ulishindwa nini?"

Kabla sijajibu, Mwalimu aliweka glasi chini. Alisema habari ile anaipenda sana, na ndiyo maana tusiivuruge. Nicklaus alimpa mtu mzima, mwenye afya, aliyekuwa ndiye bingwa wa Open, mashindano makubwa ya Uingereza, ya mwaka uleule, mpira ambao pengine angeuingiza mara tisa kati ya kumi. Alimwondolea fedheha ya bahati mbaya mbele ya nchi yake; hakumwambia kwamba hawezi. Na Marekani walikuwa ndio wenye kombe, kwa hiyo kwa sare ile walibaki nalo. "Ninyi mnanipa mimi kwa sababu mnadhani siwezi. Huyu hapa," akanigusa bega, "ndiye peke yake leo aliyedhani naweza."

Mtu wa historia alitaka kuendelea kubisha, maana mkuu wa timu ya Marekani, Sam Snead, mwenyewe hakufurahishwa na kile alichofanya Nicklaus, na ubishi ule ukatupeleka mpaka vyakula vikaisha mezani. Ulikuwa ubishi mzuri. Mwalimu alikuwa katikati yake, anagonga meza, anakatiza watu. Katibu alipoleta karatasi ya matokeo, Mwalimu aliomba kalamu akajaza mwenyewe: jina langu, jina lake, kufungwa kwa shimo moja. Akatia saini kwa mwandiko mkubwa na kuwasukumia wengine waisome.

Suala la mikwaju minne ya ziada halikuzungumzwa tena. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikipita jirani na grini ya tano nikamsikia mpinzani wake, yuleyule aliyempa ule wa hatua tatu, akimwambia, "Bado hujamaliza hapo, Mwalimu," naye akajibu kwa furaha, "Nani amekuuliza?" Handikapu yake ilipanda kidogo msimu ule, kwa njia ya kawaida, matokeo mapya yakiyasukuma nje yale ya zamani, na hakulalamika wala hakuna aliyempongeza kwa hilo.

Tulikutana tena kabla msimu haujaisha. Safari ile alinifunga mapema, akiongoza kwa mashimo matatu yakiwa yamebaki mawili. Kwenye la 16, ili mechi iendelee, nilihitaji kuingiza mpira uliokuwa chini kidogo ya mita moja. Nilimtazama. Alikuwa anaitazama miti. Nikausukuma, ukapita pembeni, na tayari alikuwa ananijia mkono umenyooshwa.