Nilivyoifufua bunduki ya hewa ya zamani kwa mafuta ya makongoro

Mwambie mtu yeyote kwamba bunduki yako ya hewa imelegea, peleti inaanguka kabla ya kufika shabaha, naye atakupa jibu moja kati ya mawili: badilisha springi, au tia mafuta kwenye tundu la hewa. Nimeyasikia yote mawili hadi yamenichosha, tena kwa watu wasiowahi kufungua hata kitasa cha mlango. Bunduki niliyonayo ni Original 27, ile ya kukunja mtutu, ya milimita 5.5, na sasa inapiga kama inavyotakiwa kwa springi ileile iliyokuwa ndani. Kilichokuwa kimekufa ni kipande cha ngozi kisichozidi upana wa sarafu kubwa: washa ya kichwani mwa pistoni, inayozuia hewa isivuje silindani.

Kabla ya chochote, karatasi. Hapa Kenya bunduki ya hewa si mchezo wa watoto. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaihesabu pamoja na silaha nyingine, kwa hiyo lazima iwe na cheti, na vipuri vyake usiviagize kienyeji kupitia kwa shemeji anayerudi kutoka Uingereza. Pitia kwa muuzaji mwenye leseni, yeye ndiye aombe kibali. Hili silirudii tena.

Kwa nini nasema ni ngozi? Kwa sababu kuna njia ya kujua, wala haigharimu kitu. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ulaze juu ya kiungo ambapo mtutu unakutana na silinda, weka peleti, piga kwenye kizuizi salama. Karatasi ikiruka, hewa inavujia kwenye washa ya kiungo, na hilo ni tatizo dogo. Ikitulia lakini peleti bado ni dhaifu, tatizo liko ndani, kwenye pistoni. Sikiliza pia mlio. Washa ya pistoni ikiwa nzima, kuna mto wa hewa unaoipokea pistoni mwishoni na mlio unakuwa mfupi, mzito. Ngozi ikikauka, hakuna mto: unasikia chuma kinagonga chuma, na mshtuko unaupata begani.

Washa ya kiungo ikiwa ndiyo mkosaji, iinue tu. Itoe, kata duara la bati la kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, liweke chini yake, rudisha. Washa inatakiwa ichomoze kidogo mno juu ya chuma, kama robo milimita hivi. Ikizidi hapo mtutu haufungi vizuri na shabaha inahama juu na chini.

Sasa hayo mafuta ya tunduni. WD-40, mafuta taa, mafuta ya cherehani, nimeshauriwa yote. Pistoni inapobana hewa ghafla, hewa ile inapata moto mkali, na mafuta mepesi yanawaka ndani ya silinda sawasawa na injini ya dizeli. Utasikia mlio mkubwa, utaona moshi, peleti itaruka kwa kasi, na yule mshauri atakupigia makofi. Piga hivyo mara kadhaa: ngozi inaungua ukingoni, springi inarudishwa nyuma kwa nguvu ambayo haikuundiwa, mwishowe inakatika. Halafu anakwambia, si nilikwambia ni springi?

Na wa kuvuta springi irefuke nao ni walewale. Springi iliyovutwa inarudi ilipokuwa baada ya muda mfupi, tena ikiwa imepinda. Kama unataka kuijua springi yako, ibiringishe juu ya kioo cha meza. Ikienda bila kuyumba ni nzima. Ikidundadunda, imepinda, tafuta nyingine. Na ukipata nyingine, fanya hesabu kabla ya kuitia: unene wa waya zidisha kwa idadi ya mizunguko. Waya wa milimita 3 na mizunguko 30 ni milimita 90 springi ikiwa imebanwa kabisa. Nafasi iliyobaki ndani bunduki ikiwa imekokiwa lazima izidi hapo, la sivyo mizunguko inagusana kabla kifyatulio hakijashika, na utavuta mtutu mpaka uupinde. Ukikata springi ndefu, mzunguko wa mwisho uupashe moto uwe mwekundu, uulaze, uuache upoe wenyewe hewani, kisha usage ubapa. Usiuchovye majini. Chuma hicho kikipozwa ghafla kinakuwa kikavu na kitavunjika.

Turudi kwenye ngozi, ndiko kwenye raha.

Ngozi inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, si ya kemikali ya kromu. Ikate uangalie ubavuni. Ya magome ni ya kahawia mpaka ndani, ya kromu ina rangi ya buluu au kijivu katikati. Ukiilowesha ya magome inalainika na kushika umbo. Ya kromu inarudi ilivyokuwa, hata uibane usiku kucha. Kwa mafundi wa viatu vya ngozi mjini unapata vipande vilivyobaki kwa bei ya chai na mahamri. Omba cha milimita 3, kisicho na rangi ya kupakwa juu wala kovu la kupe.

Umbo nalitengeneza kwa vitu viwili. Pete ya chuma yenye kipenyo cha ndani sawa na silinda, na kigogo cha mti mgumu kilichokerezwa kiwe chembamba kuliko silinda kwa milimita 5 na nusu. Ngozi ya milimita 3 pande zote mbili ni 6. Ile nusu inayopungua ndiyo inayoibana. Fundi wa mashine ya kukereza pale Shimanzi anamaliza vyote kwa muda mfupi, ila mpelekee vipimo vya vernia, usimpelekee bunduki.

Kata duara lenye kipenyo cha silinda na milimita 16 zaidi. Lowesha kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, mpaka vipovu viache kutoka. Maji ya moto sana yanaikunja ngozi na kuifanya iwe kama pembe. Iweke juu ya pete, kigogo juu yake, bana taratibu kwa jiliwa. Ngozi inachukua umbo la kikombe. Mimi naweka upande laini uwe ndani ya kikombe hicho na upande wa nyama uwe nje, kwa sababu ndio unaoshika mafuta. Wapo wanaofanya kinyume na bunduki zao zinapiga. Acha ikauke humo humo. Vitabu vinasema siku moja, lakini vitabu hivyo havikuandikwa Mombasa wakati wa mvua za masika. Ipe siku mbili, tatu, kivulini, mbali na jua.

Ikikauka unapata kikombe kigumu. Punguza ukingo kwa wembe, toboa tundu la katikati la skrubu, funga kwenye pistoni, kisha zungusha ukiisugua kwa msasa namba 240 mpaka iingie kwenye silinda kwa kusukumwa na kidole gumba lakini isidondoke yenyewe. Usisugue zaidi ya hapo.

Sasa mafuta. Vitabu vyote vya zamani vya bunduki hizi vinataja mafuta ya miguu ya ng'ombe, na ukiyaulizia madukani hapa watakutolea macho. Mmoja alinipa mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na usiku wa Julai wakati wa kusi linashuka. Ya simsim yanakuwa gundi. Ya kupikia ndiyo usiyaguse kabisa.

Lakini miguu ya ng'ombe si ndiyo makongoro? Mji mzima unakunywa supu yake asubuhi, na yale mafuta yanayoelea juu ya bakuli ndiyo yenyewe hasa! Tatizo ni kwamba supu ya mkahawani imeshatiwa chumvi, ndimu na pilipili, na chumvi ndani ya silinda ni kutu. Kwa hiyo nenda kwa muuza nyama, nunua miguu mibichi, iliyobabuliwa na kutolewa kwato, iliyokatwakatwa. Ichemshe kwa maji matupu, moto mdogo, saa nyingi. Usichanganye na nyama nyingine, maana mafuta ya kifua na ya figo yanaganda kuwa shahamu. Engua yale ya juu kwa kijiko, chuja kwa kitambaa cha pamba, tia kwenye sufuria ndogo na uyapashe polepole. Yatalia chachacha kwa sababu ya maji yaliyobaki. Yakinyamaza, maji yamekwisha. Epua kabla hayajatoa moshi.

Ujanja wenyewe uko hapa. Yatie kwenye chupa, weka kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi utakuta sehemu imeganda chini, nyeupe, na sehemu imebaki maji juu, ya manjano hafifu. Mimina ile ya juu peke yake. Hiyo haitaganda kwa baridi yoyote utakayoiona Pwani, haina harufu kali, na ngozi inaipenda. Kilichoganda kinafaa kwa viatu. Miguu miwili inatoa zaidi ya mahitaji yako ya mwaka mzima, na nyama yake haikupotea: chumvi na ndimu zinaingia baada ya kuengua, watu wanakula. Chupa iandike jina, la sivyo mtu ataikaangia mayai.

Kikombe cha ngozi kikae kwenye mafuta hayo yakiwa vuguvugu, siku moja au mbili, mpaka kiwe cheusi na kilegee kidogo. Kitavimba, ndiyo maana nilisema usizidishe msasa.

Kurudisha pistoni kunaharibu ngozi nyingi kuliko miaka. Inaingilia nyuma, na njiani inapita kwenye matundu ya pini na kwenye ufa mrefu wa mkono wa kukokia. Kingo zake zina makali kama wembe. Zipitishie tupa ndogo na msasa, futa unga wote wa chuma, kisha kata ukanda wa chupa ya plastiki ya maji, uvingirishe ndani ya silinda uzibe ufa, pitisha pistoni juu yake, vuta plastiki itoke.

Kifyatulio cha 27 kinashikilia pistoni kwa gololi tatu ndogo. Ukifungua ovyo zinaanguka na kubingirika mvunguni. Zishike kwa grisi nzito, kila moja kwenye shimo lake, mpaka kila kitu kikae. Ikipotea moja, gololi za baiskeli zinapatikana kila mahali: za kitovu cha nyuma ni robo inchi, za mbele 3/16, za pedali 5/32. Pima zako kwa vernia na ubadilishe zote tatu pamoja, usichanganye kuukuu na mpya. Springi ibane kwa klampu ndefu ya seremala wakati wa kutoa na kurudisha pini. Mikono mitupu hapana, na uso usiuweke nyuma ya silinda.

Grisi ya springi usihangaike kuiagiza. Grisi nyeusi ya CV joint kwenye maduka ya spea za magari Mwembe Tayari ina molibdeni, na mkebe wa mia chache utakushinda kumaliza. Paka utando mwembamba kwenye springi na kiunoni mwa pistoni. Mbele ya ngozi usipake hata chembe, itawaka.

Ukiagiza vipuri, taja bunduki kwa usahihi. Kiwanda kilichoitengeneza 27 ni cha Kijerumani, na chapa yake ni Diana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jina la Diana na mitambo yake vilichukuliwa na kampuni ya Milbro, Motherwell, Uskoti. Kiwanda chenyewe cha Rastatt, Ujerumani, kikawa kinauza Uingereza kwa jina la Original, mpaka jina liliporudi miaka ya 1980. Kwa hiyo Diana ya Uskoti na 27 ya Rastatt si ndugu wa tumbo moja, na muuzaji asiyejua atakutumia springi isiyoingia. Skrubu za Mjerumani ni za milimita. Ikigoma kuingia usiilazimishe, huenda umeshika ya Kiingereza.

Peleti za mwanzo zitatoa moshi na harufu, mafuta yaliyozidi yanaungua. Baada ya kama hamsini inatulia. Yangu inapima takriban mita 140 kwa sekunde kwa peleti ya gramu 0.94, yaani jouli 9 hivi, na hiyo ndiyo hali yake. Anayekuahidi zaidi kutoka kwa 27 anakuuzia kitu. Usiipige bila peleti, maana hewa haipati kizuizi na pistoni inagonga mwisho kwa nguvu zote. Na unapopakia, mkono wa pili uushike mtutu daima. Gololi zikiteleza, mtutu unarudi kwa nguvu ya kukata vidole.

Baada ya hapo ni matone mawili ya yale mafuta kwenye tundu la hewa kila baada ya peleti mia tano hivi, bunduki isimame kitako chini, mdomo wa mtutu juu, usiku mmoja yateremke ngozini. Kabatini usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi wala sanduku la sponji, vyote vinavuta unyevu wa bahari. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kila ikishikwa, jasho la mkono linaacha alama ya kutu kwa siku mbili tu. Peleti nazo zifunge kwenye mkebe usiopitisha hewa. Zikianza kutoa unga mweupe, zitupe, na unawe mikono kabla ya kula.