Kawa ukutani

Jumamosi nilikuta kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukindu, imetundikwa ukutani kwenye hoteli moja hapa Raskazone, Tanga, imepakwa vanishi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikaikodolea macho hadi chai ikapoa.

Ile ya bibi, kule Ngamiani, ilikuwa imefubaa, ukindu umefumuka upande mmoja, inanuka tui. Ramadhani ya 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi na foleni za sukari. Uji tulikunywa wa chumvi na pilipili manga, lakini bakuli la mpita njia halikukosekana. Jua likikaribia kuzama wanaume walitandika jamvi barazani, kila nyumba ikatoa sinia, na aliyekatiza alivutwa mkono akae. Bibi hakuwa na tabia ya kuuliza mtu katoka wapi, wala kama kafunga.

Siku hiyo alikaa bwana mmoja nisiyemjua, nyuzi za mkonge zimemganda kwenye shati. Bibi akapakua mihogo ya nazi, juu yake kipande cha changu wa kukaanga. Kimoja.

"Mpelekee mgeni. Usimwage."

Ukumbini giza. Nilikuwa na miaka tisa, nimefunga, na ndiyo mara ya kwanza nimevuka alasiri bila kuuchungulia mtungi. Nikainua kawa kidogo, ninuse tu. Ngozi ya changu imekauka, imejikunja pembeni, ndimu inameremeta juu yake. Wallahi sikumbuki kuamua. Nakumbuka mwiba ulionichoma ufizi, na kwamba adhana ilikuwa bado.

Ilianza nikiwa mlangoni. Yule bwana akanywa maji, akafunua. Muhogo mtupu, na pale alipolala samaki, doa la mafuta na gamba moja. Akanitazama mdomoni.

"Samaki kakutosha, mwanangu?" Bibi huyo, dirishani.

"Kakolea ndimu hasa, bi mkubwa. Mungu awazidishie."

Akamega muhogo, akala.

Funga ile nilikuja kuilipa nikiwa na watoto wawili, ingawa shehe alinicheka, akasema mtoto wa miaka tisa hadaiwi.

Kesho yake bibi aliweka vipande viwili kwenye bakuli la mgeni, akafunika, akanikabidhi. Hakusema neno. Sijui kama aliambiwa, au usiku ule alivinusa vidole vyangu.