Kadi ya pili ya picha haionekani? Angalia SSD (diski ya kuhifadhia data) imekaa wapi

Kompyuta ya gemu, hapa Kirumba, Mwanza. Kadi ya pili imepachikwa, feni zinazunguka, ila Windows inaona moja tu. Draiva mpya, kupangua na kupachika upya, kusafisha pini: hola.

Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), yale maandishi madogo chini ya jedwali: SSD ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) ikikaa nafasi ya pili, sloti ya chini ya PCIe (inapopachikwa kadi ya picha) inazimwa, maana zinagawana njia zilezile za data. Si bodi zote ziko hivyo. Zima, chomoa waya wa umeme, hamishia SSD nafasi ya juu karibu na prosesa, kaza skrubu yake (ikidondoka ndani ya kesi utaitafuta!). Washa: zote mbili zikaonekana.

Kila kadi ipewe waya wake kutoka pawa saplai. Plagi ya pini 8 ni wati 150, sloti yenyewe 75.