Nilivyokamata uvujaji wa maji kwenye Noah yangu bila kufungua silinda hedi

Toyota Noah yangu ni ya mwaka 1999, ile ya SR40 yenye injini ya 3S, na tatizo lilipoanza ilikuwa imetembea kilomita 312,000. Kila baada ya siku nne au tano nilikuta tangi la akiba la maji ya kupoza injini limekauka, nikaongeza karibu lita moja, lakini pale ninapoiegesha hapakuwa na hata tone. Mafundi watatu waliniambia neno lile lile, na wa mwisho alilisema kabla hata hajafungua boneti: "Mzee, maji yanaliwa ndani. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, andaa laki sita hivi." Nilikataa. Gasketi hiyo, inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ikiungua huacha dalili: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yanayopanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma. Gari langu halikuwa na dalili hata moja kati ya hizo.

Ushauri nilioukubali, na ambao simtakii mwenye gari yeyote aufuate, ulikuwa wa kumimina pilipili manga ya unga ndani ya rejeta. Niliweka vijiko vinne. Kwa siku tatu maji hayakupungua, nami nikaamini nimepona, nikaipakia familia tukaanza safari ya Mafinga. Tulipofika katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mshale wa joto ulianza kupanda, na kabla ya kona iliyofuata ulikuwa umekaribia alama nyekundu. Niliegesha, nikasubiri karibu saa nzima, kisha nikafungua kifuniko kwa kitambaa kizito. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito, yananuka kama sufuria ya pilau. Unga ule ulikuwa umeziba vijia vyembamba vya rejeta badala ya tundu nililolitafuta, na ilibidi rejeta ifunguliwe na kuchokonolewa mrija mmoja mmoja.

Niliporudi Dar es Salaam niliamua kwamba sitaongeza kitu chochote humo hadi nione kwa macho yangu maji yanapotokea. Mfumo huu hufanya kazi kwa presha. Kifuniko cha gari langu kimeandikwa 0.9, yaani karibu psi 13, na presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Kitundu kidogo kinaweza kukaa kimya injini ikiwa baridi, kikaanza kutoa maji barabarani tu, na joto pamoja na upepo vikayakausha kabla hujaegesha.

Kifaa cha kupimia presha sikuwa nacho, kwa hiyo nilikitengeneza. Nilichukua kifuniko kikuukuu cha rejeta, nikakitoa springi, nikatoboa katikati na kuvuta humo vali ya tairi la tyubulesi hadi mpira wake ukakaza. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye tangi la akiba niliuziba kwa bolti na klipu, kwa sababu bila hivyo upepo wote ungetokea huko. Injini ikiwa baridi kabisa, nilijaza upepo kwa pampu ya mguu yenye geji hadi psi 13, wala sikuthubutu kuzidisha, maana ukizidisha unaweza kupasua rejeta nzima. Baada ya dakika kumi geji ilisoma 9. Hakuna furaha niliyowahi kuipata chini ya gari kama ile, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi kwamba maji yanatoka mahali fulani.

Niliinua siti za mbele, kwa kuwa injini ya Noah iko chini yake, nikamulika pampu ya maji na mipira yote. Palikuwa pakavu. Hapo nikalala chini ya gari na kopo la poda ya mtoto, nikanyunyiza kwenye mabomba mawili ya chuma yanayopeleka maji moto kwenye hita ya nyuma, kisha nikajaza upepo tena. Poda iliyo kavu hubaki nyeupe. Kwenye bano moja linaloshikilia bomba ulitokea mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi. Nilipolegeza bano, kutu ilibanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake palikuwa na kitundu kinachoweza kupitisha ncha ya sindano.

Kutu ile haikuja kwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi gari hili lilinyweshwa maji ya bomba kwa sababu mafundi husema kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ni ya nchi za baridi, kumbe kulanti ndiyo yenye dawa ya kuzuia kutu. Maneno hayo hayo husemwa juu ya themostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, na ya kwangu nikakuta ilishang'olewa na kutupwa, kwa hiyo nikanunua nyingine.

Fundi alitaka achomelee. Bomba lililooza halichomeleki, tundu huhama tu. Nilikata kipande chote kilicholika hadi kwenye chuma kizima, nikalainisha ncha kwa msasa, nikaunganisha kwa mpira wa hita wenye kipenyo kile kile na klipu mbili kila upande. Wengine huikata kabisa hita ya nyuma, lakini watoto wangu huenda Mafinga mwezi wa saba, wakati wa baridi. Pamoja na kulanti na themostati, gharama haikufika laki moja na nusu.

Kutoa hewa iliyonaswa kwenye mfumo kulinichukua muda mrefu kuliko kufunga bomba, kwa sababu njia ya maji ni ndefu: pua ya gari iwe juu kwenye mwinuko, hita zote mbili ziwe kwenye moto, na usifunge kifuniko hadi hita ya nyuma ipulize moto kweli. Baada ya wiki nilikaza klipu tena, kwani mpira mpya hulegea kidogo ukishapata moto. Tangu hapo nimepanda Kitonga mara mbili, mshale haukupita nusu, na tangi la akiba liko pale pale kwenye alama.